Kitufe Chekundu cha Jikoni

Mama yangu analala juu ya jiko langu. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu ndilo lililokuwa likininyima raha.

Nyumba yetu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Ni nyumba ya zamani. Kuta zake ni za mawe na chokaa, na dari zake ni za boriti. Ngazi ni ya mbao, imesimama wima, na ukiikanyaga inalia. Chini tuna mkahawa. Mimi naitwa Badria, na mkahawa ni wangu mimi na mume wangu, Mudrik. Juu ya jiko ndipo kilipo chumba cha mama, Bi Mwatum. Mama alikuwa mshonaji wa nguo, tena mshonaji hasa. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga. Tangu hapo hashuki ngazi kwa miguu yake. Akitaka kushuka, watu wawili humbeba kwenye kiti.

Kaka yangu Muhiddin anakaa Mbweni. Nyumba yake haina ghorofa. Kila akija kututazama huniambia maneno yale yale.

"Badria, chini moto, juu mama. Likitokea la kutokea utamshusha vipi? Nipe mama nikakae naye."

Mama humsikia, akamjibu kutoka kitandani.

"Mbweni kuzuri, mwanangu. Lakini nikifungua dirisha la Mbweni nitamwona nani? Hapa nikifungua dirisha namwona Riyama anagombana na muuza samaki. Siendi!"

Bi Riyama ni jirani yetu. Mlango wake wa uani unatazamana na mlango wa uani wa jiko letu. Katikati pana kichochoro tu. Yeye na mama ni mashoga tangu usichana wao. Mama hawezi kushuka, na Bi Riyama anachoka kupanda. Basi huzungumza kwa kupigiana kelele, mmoja dirishani, mwengine kichochoroni. Mtaa mzima unajua siri zao.

Sasa nikwambieni habari ya jiko. Jiko hilo hatukulitengeneza sisi. Alilitengeneza mpangaji aliyetutangulia. Aliweka mashine za umeme za kukaangia, oveni, na feni kubwa ya kuvuta moshi. Alipohama alituachia vyote. Alituonesha jinsi ya kuosha mashine na jinsi ya kubadilisha mafuta. Kisha akatuaga, akenda zake.

Ramadhani ilipokaribia, Mudrik alipaka chokaa. Ndiyo ada yetu. Ramadhani haiingii nyumba chafu. Alipaka kuta. Alipaka mabomba ya nyaya. Kando ya mlango wa uani palikuwa na kibao cha njano chenye maandishi, kimejaa mafuta na masizi. Akakipaka nacho. Kilichobaki bila chokaa ni kitufe chekundu tu, kilichokuwa chini ya kibao kile. Kikawa kinang'aa peke yake juu ya ukuta mweupe. Kilipendeza, wallahi.

Ramadhani ikaingia.

Jioni ya mwanzo nilikuwa jikoni na Pandu, mpishi wetu. Pandu ni mtu wa Makunduchi, mwembamba, hodari wa sambusa na hodari wa maneno. Mafuta yalikuwa yanachemka. Feni ilikuwa inanguruma, mpaka ukitaka kusema lazima upige kelele. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Wateja walikuwa wanaanza kuingia.

Ghafla, kimya.

Feni ilisimama. Vitaa vya mashine vikazimika. Sambusa zikatulia ndani ya mafuta.

"Umeme umekatika!" alisema Pandu.

"Umekatika wapi? Mbona taa zinawaka?" nikamwambia.

Kweli, taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka. Ya ngazini pia. Kilichokufa ni mashine tu.

Sote tulipiga mbio ukumbini, karibu na mlango wa mbele. Pale ndipo lilipo sanduku la breka. Mudrik alikwishalifungua. Breka kubwa ya jiko ilikuwa imeanguka. Kikono chake hakikuwa juu wala hakikuwa chini. Kilikuwa katikati. Mudrik akakisukuma juu, kikarudi. Akakisukuma tena, kikarudi tena.

"Tia nguvu, yakhe!" Pandu akamhimiza.

"Natia! Njoo utie wewe!"

"Badria!" Mama aliita kutoka juu. "Kuna nini huko chini?"

Kila akiniita hivyo, naona moto, naona moshi, naona ile ngazi.

"Hakuna kitu, mama!"

Mudrik alikasirika, akakisukuma kikono chini kwa hasira. Kisha akakipandisha. Kikakaa! Feni ikaanza kunguruma. Hatukujua kwa nini imekubali safari hiyo, tukasema alhamdulillahi.

Niliporudi jikoni, nilimkuta Bi Riyama amesimama mlangoni. Mikono yote miwili imeshika sinia, na juu yake limefunikwa kwa kawa.

"Hodi, hodi! Nimewaletea tambi za nazi. Mpe na mama yako."

Kwetu Ramadhani sahani hazikai nyumbani. Kila jioni zinavuka vichochoro. Nikampokea, nikamtilia sambusa, akarudi kwake.

Siku ya pili, jikoni kimya tena. Wakati ule ule, kabla ya adhana. Siku iliyofuata, vile vile. Sambusa zikanyonya mafuta. Katlesi zikavunjika. Wateja wakafuturu kwa tende na maji, wakangojea. Na mimi nikifunga nakuwa mkali, nasema kweli. Ukinikera wakati huo utajuta.

"Tunatumia umeme mwingi kwa pamoja," Mudrik alisema. "Tuzime oveni."

Tukazima oveni. Breka ikaanguka vile vile.

"Jiko hili lina mwenyewe," Pandu alisema, tena kwa sauti ya chini. "Ikifika magharibi anataka nafasi yake."

"Basi mwambie huyo mwenyewe aje akaange sambusa!" nikamjibu.

Lakini kulikuwa na jambo lililonishangaza zaidi. Jioni moja breka haikuanguka kabisa. Siku hiyo mashine zote zilikuwa zinafanya kazi, na oveni juu yake. Mimi nikiona kitu nisichokijua, situlii. Kama umeme ulizidi, mbona siku hiyo haukukatika? Na kama ni jini, alikwenda wapi?

Jioni iliyofuata Muhiddin alikuja kufuturu kwetu. Breka ikaanguka mbele ya macho yake. Alituona tunavyokimbizana. Alimaliza kula kwanza.

"Nyinyi hamjui kinachokata umeme wenu," alisema. "Na mama amelala juu yake. Sikukuu ikisha namchukua. Nshamtayarishia chumba."

Mama alikuwa amesikia, kwani ngazi ile inapandisha kila neno. Safari hiyo hakumjibu kwa kelele. Nilipompelekea uji nilimkuta amegeukia ukutani.

"Kama kukaa kwangu hapa kunakutia hofu, mwanangu, nitakwenda," aliniambia.

Nilishuka nikilia. Mudrik aliniona, akataka kunituliza.

"Usilie. Nimepata mtu. Kaitazama ile breka, anasema ina nyaya mbili nyembamba za ziada. Hizo ndizo zinazosumbua. Kesho atakuja kuzikata."

"Nyaya za nini?"

"Hajui."

"Hajui, halafu azikate?"

Na mimi nikachukua simu, nikampigia Radhiya.

Radhiya nilisoma naye skuli. Siku hizo alikuwa akifungua kalamu za watu aone ndani mna nini. Siku hizi ni fundi umeme mwenye leseni. Anatengeneza umeme wa mahoteli na maduka, mjini na shamba. Alikuja kesho yake, alasiri, na mkoba wake begani. Tulimpa habari yote. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akalifungua lile sanduku.

"Eh!" alisema. "Nani aliweka hii?"

"Aliyetutangulia. Mbovu?" Mudrik aliuliza.

"Mbovu? Mungu amjaze kheri. Na huyo anayetaka kukata nyaya, mwambie akae kwao."

Alituonesha. Ubavuni mwa breka ile zilikuwa zinatoka nyaya mbili nyembamba. Breka nyengine hazikuwa nazo. Nyaya zile ziliingia kwenye bomba, na bomba likapanda ukutani.

"Bomba hili linakwenda wapi?" Radhiya aliuliza.

Hatukujua. Lilikuwa limepakwa chokaa, limefanana na ukuta. Basi tukalifuata, yeye mbele, sisi nyuma. Lilipita ukumbini. Lilipita juu ya mlango wa jikoni. Likazunguka nyuma ya feni. Likashuka kando ya mlango wa uani, likaishia kwenye kile kitufe chekundu.

"Na hiki cha nini?"

"Kengele," Pandu alijibu.

"Inalia wapi?"

Tukatazamana. Tangu tuingie nyumba hii hakuna aliyepata kusikia kengele.

Radhiya alicheka kidogo. "Umeme hukatika karibu na adhana, sio? Basi washeni mashine zote, fanyeni kazi zenu. Mimi nitakaa hapa, nitatazama. Na asikiguse mtu."

Tukawasha. Mafuta yakachemka. Pandu akatia sambusa. Mimi nakaanga katlesi, lakini jicho langu liko mlangoni. Mudrik naye alikuja akasimama, wateja kawaacha peke yao. Sijapata kuona watu wazima wanakitazama kitufe namna ile.

Kichochoroni tukasikia ndara zinaburura. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, kama kawaida. Bi Riyama akatokea na sinia lake, mikono imejaa. Hakutuona. Akageuka ubavu, akainua kiwiko, akakibonyeza kile kitufe.

Kimya!

Tulicheka, jamani. Pandu alikaa chini kabisa. Mudrik alishika ukuta, na chokaa ikamganda mkononi.

"Mnacheka nini?" Bi Riyama alituuliza. "Nimevaa kanga kichwa chini?"

"Bi Riyama, kwa nini umebonyeza hicho?" nilimwuliza.

"Kwani kengele inafanywaje? Mikono yangu imejaa. Na kengele yenu nzuri sana. Nikiibonyeza tu, nasikia mbio ndani! Kwa watu wengine unapiga hodi mpaka koo linakauka."

"Na juzi ile? Siku umeme haukukatika, hukuja?"

"Juzi nilikwenda kufuturu kwa dada yangu, Jambiani."

"Ndiyo jini hilo, Pandu," nikasema. "Limekwenda Jambiani."

"Nani jini?" Bi Riyama akang'aka.

Mudrik alitaka kukimbilia ukumbini. Radhiya akamshika mkono.

"Twende pamoja, nikuoneshe. Kikono kikisimama katikati, maana yake breka imejikata. Usikisukume juu. Kishushe chini kwanza mpaka mwisho, mpaka kilie. Kisha kipandishe."

Mudrik akafanya hivyo. Feni ikanguruma. Na siku ile wateja walifuturu kwa sambusa za moto.

Baada ya futari mama alianza kulalamika kutoka juu.

"Mmecheka bila mimi! Mmecheka mpaka boriti zinatikisika, na mimi hamniambii!"

Basi sote tukapanda kwake na kahawa. Hata Bi Riyama alipanda, huku akiishutumu kila ngazi. Mama aliposikia habari ya kengele alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akawa na maswali, kwani mimi hii hamu yangu ya kujua nimeirithi kwake.

"Sasa Radhiya, mwanangu, kitufe kiko jikoni. Breka iko ukumbini. Inajuaje kama kimebonyezwa?"

Radhiya akafungua mkoba wake. Alitoa msumari, waya mwembamba mrefu, na betri ndogo.

"Bi Mwatum, una pini?"

Kumwuliza mshonaji kama ana pini! Mama akavuta bweta lake la sindano na pini chini ya mto.

Radhiya aliuzungusha waya kwenye msumari, mara nyingi, ukashikana vizuri. Akausogeza msumari kwenye pini. Hapakutokea kitu. Kisha akaziunganisha ncha za waya na betri. Pini zikaruka, zikang'ang'ania msumari!

"Mashallah!" Mama alisema. "Umekuwa sumaku!"

"Ndiyo. Sasa naachia betri." Pini zikaanguka. "Waya uliozungushwa hivi tunauita koili. Ukipitisha umeme, inakuwa sumaku. Ukiuondoa, inaacha. Ndani ya breka yenu kuna koili kama hii. Mtu akibonyeza kitufe, umeme kidogo unapita katika zile nyaya nyembamba. Koili inakuwa sumaku, inavuta kijino kinachokishikilia kikono, na breka inaanguka. Mashine zote za jikoni zinazimika hapo hapo. Sisi mafundi tunaiita breka ya shanti tripu."

Mama akaichukua betri, akajaribu mwenyewe. Pini zikaruka. Akajaribu tena. Radhiya akamwachia, ila alimwambia asiishikilie sana, kwani waya unapata joto.

"Lakini breka si hujikata zenyewe?" Mudrik aliuliza. "Hii inahitaji kitufe cha nini?"

"Breka ya kawaida inajua mambo mawili tu," Radhiya alisema. "Umeme ukizidi, inakata. Nyaya zikigusana, inakata. Sasa nikuulize. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, itajua?"

Mudrik akafikiri. "Umeme haujazidi."

"Haujazidi. Nyaya hazijagusana. Breka haina macho wala pua. Itaendelea kupeleka umeme. Mashine itaendelea kuchemsha mafuta. Na moto utaendelea kula. Lazima mtu aiambie: kata! Kitufe ndicho kinachoiambia. Katika mahoteli makubwa nyaya hizi huungwa na mtambo wa kuzima moto. Mtambo ukihisi moto, breka inaanguka bila mkono wa mtu. Nyinyi mna kitufe. Nacho ni kitu kikubwa."

"Kwa nini nisikimbilie swichi kubwa tu, nikazima nyumba nzima?" niliuliza.

"Swichi iko mbele ya nyumba. Na moto jikoni unapanda, hausubiri. Halafu ukizima nyumba nzima, taa za ngazini nazo zinazimika." Radhiya akamtazama mama. "Nani atamshusha Bi Mwatum kwenye ngazi ile, gizani, na moshi unapanda?"

Mama aliweka betri chini.

"Yule mtu alikuwa aje leo," Mudrik alisema. "Angezikata. Breka isingeanguka tena, na sisi tungefurahi."

"Mngefurahi," Radhiya alisema. "Na kitufe kingekuwa pambo la ukutani. Siku ya moto mngebonyeza, mngebonyeza, na mashine zinaendelea kuwaka."

"Astaghfirullahi," Bi Riyama alisema. "Na mimi ndiye niliyewaponza."

"Hukuwaponza, Bi Riyama. Kitufe hiki hutakiwa kijaribiwe kila baada ya muda. Koili inaweza kuungua, au waya ukakatika, na mtu asijue. Wewe umekijaribu kila jioni! Ila usichague tena wakati wa futari."

Kesho yake tulianza kazi. Mudrik alikwangua chokaa kwenye kile kibao cha njano, polepole, kwa kisu cha siagi. Maandishi yakatokea. Yalisomeka: HATARI IKITOKEA, ZIMA JIKO HAPA. Maandishi makubwa, tena ya Kiswahili safi. Mudrik alikaa akiyatazama muda mrefu.

"Niliyapaka mimi mwenyewe," alisema. "Nikaona nimesafisha."

Radhiya alikifunika kitufe kwa kifuniko cha plastiki kinachoonesha ndani. Kiwiko hakiwezi kukibonyeza kwa bahati mbaya. Lazima uinue kifuniko kwanza. Nje, kichochoroni, alitia kengele ya kweli, nyeupe, inayolia jikoni na kwa mama pia. Kisha akatufundisha sote.

Mafuta yakiwaka, inua kifuniko, bonyeza, achia. Usishikilie kitufe, utaunguza koili. Kisha funika mashine kwa mfuniko wake wa bati, uuteleze kutoka ubavuni. Usimwage maji hata tone, kwani mafuta yanayowaka yakipata maji yanaruka. Moto ukikushinda, toka, waite wazima moto. Na ukizimika, usikipandishe kikono mpaka fundi aone kilichosababisha.

Bi Riyama alitaka kufundishwa kuliko sisi.

"Mimi ndiye ninayekijua kitufe hiki," alisema. "Nimekizoea."

Nikampigia simu Muhiddin, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza.

"Kitufe tu?" alisema. "Badria, mama hawezi kutegemea kitufe. Sikukuu ikisha nakuja."

Tukaingia kumi la mwisho. Kila jioni kengele nyeupe ililia, na mama alipiga kelele kutoka juu: "Riyama kaleta nini leo?" Na sisi tulimjibu: mkate wa mofa, mbatata za nazi, samaki wa kupaka. Sahani yake ilitangulia kupanda.

Jioni moja nilikuwa mbele, napanga tende mezani. Pandu alikuwa ametoka kuchukua udhu. Mashine ya kukaangia aliiacha inawaka, nayo hujizima yenyewe mafuta yakipata joto la kutosha. Ndivyo inavyotakiwa. Siku ile haikujizima.

Mimi sikuona kitu. Nilichosikia ni kishindo cha sinia kuanguka, na baada yake, kimya. Feni imesimama.

Safari hii sikwenda kwenye breka. Nilipiga mbio jikoni.

Moto ulikuwa juu ya mashine, umefika kifuani. Bi Riyama alikuwa amesimama pembeni ya mlango, kanga imemvuka begani.

"Nimezima!" alikuwa akipiga kelele. "Nimezima, Badria! Funika! Funika!"

Nikachukua ule mfuniko wa bati. Niliuteleza kutoka ubavuni, kama nilivyofundishwa. Moto ukajikunja, ukatoka ulimi mmoja pembeni, ukazimika. Mafuta hayakupata tena joto kutoka chini, basi moto haukurudi.

Pandu akatokea mbio na ndoo ya maji.

"Weka ndoo chini, Pandu!" Bi Riyama akamkemea. "Chini, nakwambia!"

Pandu akaiweka.

Niligeuka kuitazama ngazi. Taa zake zote zilikuwa zinawaka. Mudrik na mteja mmoja walikwishafika katikati, wamebeba kiti, wanakwenda kwa mama. Walikuwa wanaona kila wanapokanyaga. Moshi ulikuwa kidogo, unatoka nje kwa mlango wa uani.

Ndipo sauti ya mama ikaja kutoka juu, sauti yake ile ile ya kila siku.

"Badria! Mbona kimya? Riyama kaleta nini leo?"

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kwa sauti, mbele ya Pandu na mbele ya wateja. Bi Riyama alitazama sakafuni. Muhogo, nazi, vipande vya sahani, vyote vimetapakaa.

"Muhogo, Mwatum!" alijibu kwa kelele. "Lakini nimeumwaga!"

"Umwage muhogo Ramadhani! Umeanza kuzeeka, Riyama!"

Radhiya alikuja usiku ule ule. Alikuta kifaa kinachopima joto la mafuta kimeharibika. Kesho yake akatia kipya, akapandisha breka, akajaribu kitufe mara moja, kisha Mudrik akakishusha kikono mpaka mwisho na kukipandisha.

Sikukuu ikafika. Muhiddin alikuja na watoto wake, wamevaa nguo mpya. Alikwenda jikoni kwanza. Alikisoma kile kibao cha njano. Aliitazama alama nyeusi ya moshi ukutani, ambayo nilimkataza Mudrik kuipaka chokaa. Akainua kifuniko, akakitazama kitufe, akakirudisha kifuniko taratibu. Kisha akapanda juu, na mimi nikamfuata.

Mama alikuwa amevaa vizuri, amekaa kwenye kiti. Mkoba wa nguo zake ulikuwa miguuni. Alikuwa ameufunga mwenyewe, bila kuniambia.

Muhiddin akambusu mkono. Akautazama ule mkoba, kisha akaunyanyua, akaurudisha juu ya kabati.

"Mama," alisema, "kile chumba cha Mbweni nimewapa watoto."

Mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Umefanya vizuri," alimwambia. "Basi nisogeze dirishani. Muuza samaki ndiyo kwanza anakuja."